Waja leo waondoka leo: maneno ya programu yanavyopotea ndani ya simu, na namna ya kuyaelekeza kwenye logi

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na habari za jioni. Karibuni nyote: mafundi simu wa Ngamiani, wanafunzi, na ninyi ambao mchana mna kazi nyingine kabisa lakini usiku mnaandika programu.

Mji wetu una msemo ambao kila mgeni huambiwa: Tanga, waja leo waondoka leo. Hatujaona maelezo mafupi kuliko hayo ya jambo linalolipata neno la `printf`, amri ya lugha ya C ya kuchapa maneno, ndani ya simu ya Android. Linakuja, linaondoka, na mwenyeji hana habari kwamba lilifika.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho. Soko la samaki pale Deep Sea, mizani ya kidijitali, na programu ndogo ya C inayosoma uzito na kuandika mstari mmoja kwa kila samaki: changu kilo 2.4, nguru kilo 6.1. Kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri, mistari inashuka kwenye skrini. Mwenye programu anaigeuza kuwa maktaba ya simu, `libmizani.so`, anaiweka ndani ya aplikesheni, anaiwasha. Uzito unahesabiwa sawasawa, lakini mistari haionekani popote. Anaongeza `printf` nyingine, kimya. Anaongeza ya tatu yenye nyota kumi pembeni, kimya vilevile. Hapo ndipo watu wanapoanza kuilaumu kebo.

Sababu ni hii. Kila mchakato wa Linux, na Android ni Linux chini yake, huzaliwa na milango mitatu yenye namba: 0 ya kupokea, 1 ya matokeo, 2 ya makosa. Ukiwa kwenye terminali, namba 1 na 2 zimefungwa kwenye skrini. Aplikesheni ya simu haina terminali. Inazaliwa kutoka kwa mchakato mama unaoitwa zygote, na milango yake ya 1 na 2 inaelekea `/dev/null`, shimo lisilo na kitako. Tena shimo lenyewe lina adabu ya kudanganya: `printf` inarudisha idadi ya herufi kana kwamba zote zimefika salama. Hakuna kosa utakalolishika.

Wenzetu wa Java na Kotlin wataguna, maana `println` yao wanaiona. Ni kweli. `System.out` ndani ya aplikesheni ya Android haipiti mlango namba 1. Mfumo umeibadilisha mapema ili iandike kwenye logi, daftari la matukio la simu, kwa lebo `System.out` na kipaumbele I (taarifa), na `System.err` kwa lebo yake na kipaumbele W (onyo). Ubadilishaji huo ni wa upande wa Java peke yake, haugusi C, C++ wala lugha yoyote inayoandika moja kwa moja kwenye mlango. Kwa hiyo aplikesheni moja inaweza kuwa na nusu inayosikika na nusu bubu.

Logi yenyewe inatunzwa na huduma iitwayo `logd`, tangu Android 5. Zamani zaidi ilikuwa ndani ya kerneli, chini ya `/dev/log`. Unaisoma kwa `logcat`, ukiiita kutoka kwenye kompyuta kwa `adb`, chombo cha kuiamuru simu kupitia kebo. Kila ujumbe una kipaumbele (V, D, I, W, E, F), una lebo, na una maneno. Hifadhi yake ni ya mzunguko: ikijaa, cha zamani kinafutwa kipishe kipya. Kwa kawaida kila hifadhi ni kilobaiti 256, na kwenye simu yenye kelele nyingi hiyo ni dakika chache tu. Kabla ya kuanza kazi, ipanueni:

```
adb logcat -G 4M
adb logcat -c
```

Ya pili inafuta ya zamani. Mkitaka kuhakiki ukubwa, `adb logcat -g`.

Sasa njia za kuyaokoa maneno hayo. Tutaanza na ile isiyogusa msimbo, kwa sababu wengi wanarukia msimbo wakati hawauhitaji.

Ikiwa programu yenu ni faili la kuendeshwa lenyewe, si aplikesheni, liwekeni kwenye simu mahali panaporuhusu kuendesha. Si `/sdcard`. Pale hata ukitoa ruhusa zote utaambiwa "Permission denied", kwa sababu hifadhi hiyo imepachikwa kwa masharti kwamba hakuna kinachoendeshwa ndani yake. Mahali pake ni `/data/local/tmp`:

```
adb push mizani /data/local/tmp/
adb shell chmod 755 /data/local/tmp/mizani
adb shell logwrapper /data/local/tmp/mizani
```

`logwrapper` ni kijiprogramu cha Android chenyewe, kwa kawaida kipo `/system/bin`. Kinaizaa programu yako kama mtoto, kinashika milango yake ya 1 na 2, na kila mstari kinauandika kwenye logi kwa kipaumbele I, lebo ikiwa jina la programu. Kwenye dirisha jingine fungueni `adb logcat -s mizani` na mistari itashuka. Wanaotengeneza mfumo wenyewe, wale wa visanduku vya runinga na vifaa vya viwandani, wanakijua: huduma zinazoanzishwa na `init` nazo hutupa maneno `/dev/null`, na dawa ni kutanguliza `/system/bin/logwrapper` kwenye mstari wa `service`.

Kizuri cha `logwrapper` ambacho watu hawakitaji ni kwamba anayesoma ni mzazi, si mtoto. Programu ikianguka kifudifudi, msomaji yupo hai na anamaliza kusoma yaliyokwisha kutoka. Tena anampa mtoto terminali ya bandia badala ya bomba la kawaida, kwa hiyo programu inaamini iko mbele ya mtu na inatoa mstari kwa mstari. Tutarudi kwenye hilo la bomba, maana ndipo penye miiba.

Aplikesheni kamili nayo inaweza kufungiwa ndani ya `logwrapper`, kuanzia Android 8, kwa faili linaloitwa `wrap.sh`. Linakaa ndani ya APK, yaani kifurushi cha aplikesheni, kwenye folda ya `lib` ya kila aina ya prosesa, mfano `lib/arm64-v8a/wrap.sh`, na ndani yake mistari miwili:

```
#!/system/bin/sh
exec logwrapper "$@"
```

Masharti ni mawili na yote yana wivu. Aplikesheni lazima iwe `debuggable` (inayoruhusu kuchunguzwa), na maktaba zake lazima zitolewe nje ya APK wakati wa kusakinisha. Kwenye Gradle (chombo cha kujenga aplikesheni) ya siku hizi hilo ni `useLegacyPackaging` kuwa `true`. Mkisahau la pili, `wrap.sh` inabaki ndani ya kifurushi, haionekani, na hakuna atakayewaambia. Halafu kuna mwisho wa mistari: faili likiandikwa kwenye Windows likabeba herufi ya ziada ya mwisho wa mstari, aplikesheni inaweza kukataa kuwaka kabisa. Liandikeni kwa mistari ya Unix.

Njia ya ganda la amri tunaitaja upesi. Unaweza kuandika:

```
./mizani 2>&1 | while IFS= read -r m; do log -p i -t mizani "kilo $m"; done
```

Inafanya kazi, ila kila mstari unazaa mchakato mpya wa `log`. Kwa mizani ni sawa, kwa programu inayotoa mistari mia kwa sekunde simu itapata moto mfukoni. Na lile neno "kilo" mbele ya `$m` si pambo. Mizani tupu ambayo haijasawazishwa husoma -0.2, na `log` ikiona kistari mwanzoni inadhani imepewa chaguo, inagoma. Tangulizeni neno.

Sasa tufike kwenye msimbo, kwa wale ambao maktaba yao inaishi ndani ya aplikesheni na wanataka maneno yaonekane bila `wrap.sh`. Kuna wanaokwenda kubadilisha kila `printf` kuwa `__android_log_print`. Kama msimbo ni wako na ni mdogo, fanya hivyo, ndiyo njia safi kuliko zote. Lakini kama ni msimbo wa watu wengine, mafaili mia mbili ya hesabu yaliyoandikwa miaka kumi iliyopita, usiyaguse. Hamisha mlango tu. Huu hapa mzima, kama ulivyo ukutani:

```c
#include <android/log.h>
#include <pthread.h>
#include <stdio.h>
#include <string.h>
#include <unistd.h>

static int bomba[2];

static void *msomaji(void *x) {
    char m[1024];
    FILE *f = fdopen(bomba[0], "r");
    while (f && fgets(m, sizeof m, f)) {
        m[strcspn(m, "\n")] = 0;
        __android_log_write(ANDROID_LOG_INFO, "mizani", m);
    }
    return NULL;
}

int elekeza_logi(void) {
    pthread_t uzi;
    setvbuf(stdout, NULL, _IOLBF, 0);
    setvbuf(stderr, NULL, _IONBF, 0);
    if (pipe(bomba) != 0) return -1;
    if (pthread_create(&uzi, NULL, msomaji, NULL) != 0) return -1;
    pthread_detach(uzi);
    dup2(bomba[1], 1);
    dup2(bomba[1], 2);
    close(bomba[1]);
    return 0;
}
```

Wakati wa kuunganisha, ongezeni maktaba ya `log`: `-llog`, au kwenye CMake `target_link_libraries(mizani log)`. Mkisahau, kiunganishi kitalalamika kwamba hakijui `__android_log_write`, na hilo angalau linasema wazi.

Kinachotendeka: `pipe` inatengeneza bomba lenye ncha mbili. `dup2` inachukua ncha ya kuandikia na kuivika namba 1, kisha namba 2, kwa hiyo aliyekuwa anamwaga shimoni sasa anamwaga bombani. Upande wa pili uzi mmoja (thread, mfuatano wa kazi unaokwenda sambamba ndani ya programu) umekaa na ndoo, unachota mstari, unaupeleka `logd`. Iiteni kazi hii mapema iwezekanavyo. Mahali pake panapofaa ni `JNI_OnLoad`, ambayo huitwa mara tu Java inapopakia maktaba, kabla ya mtu mwingine kusema neno.

Mtaona tumeuzaa uzi kwanza, ndipo tukahamisha milango. Mifano mingi inayozunguka imepindua mpangilio huo. Kwenye Linux bomba lina nafasi ya baiti 65,536 kwa kawaida. Ukihamisha milango halafu uzi ukashindwa kuzaliwa, programu itaandika kwa furaha hadi baiti hizo zijae, kisha `printf` inayofuata itasimama ikisubiri mtu achote. Hakuna mchotaji. Aplikesheni inaganda, na inaganda dakika kadhaa baada ya kosa lenyewe, mahali pasipohusika. Hitilafu ya namna hiyo inaweza kula wiki.

Kuganda huko kuna ndugu yake. Kamwe msiweke `printf` ndani ya `msomaji`. Neno lake litaingia bombani, atalichota mwenyewe, atalitangaza, litaingia tena. Logi itajaa mstari mmoja mamia ya maelfu ya mara.

Ile mistari miwili ya `setvbuf` ndiyo watu huifuta wakidhani haina kazi. Maktaba ya C huwa na tabia: ikiona mlango wa 1 ni terminali, inatoa neno kila mstari unapokwisha. Ikiona ni bomba au faili, inaweka akiba kwenye bafa mpaka ijae. Kwa mizani ya samaki, mstari mmoja ni herufi ishirini hivi, kwa hiyo zinaweza kupita dakika nyingi kabla bafa haijajaa, halafu mistari yote inamwagika kwa mkupuo ikiwa na saa ileile. Fundi anaangalia logi anasema mizani imekwama. Haijakwama, ni bafa tu. `_IOLBF` ni kuamuru kila mstari utoke ukiisha, `_IONBF` ni kutoweka akiba kabisa. Na kanuni ya lugha ya C ni kwamba `setvbuf` iitwe kabla mkondo haujatumika, sababu nyingine ya kuiweka `JNI_OnLoad`.

Hata hivyo `fgets` yetu nayo inangoja mwisho wa mstari. Programu ikiandika "Subiri..." bila `\n`, neno hilo halitaonekana hadi mstari ukamilike. Hilo tumelikubali kwa makusudi. Wanaotumia `read` moja kwa moja badala ya `fgets` huona maneno upesi, lakini mistari yao inakatwa katikati: "changu kil" ujumbe mmoja, "o 2.4" ujumbe mwingine, na ukichuja kwa neno kilo hupati kitu.

Tazameni sasa mstari mmoja wa logi kwa karibu:

```
10-14 06:12:31.408  4120  4151 I mizani  : changu kilo 2.4
```

Tarehe na saa, namba ya mchakato, namba ya uzi, kipaumbele, lebo, maneno. Hiyo 4151 si uzi uliopima samaki. Ni uzi wa msomaji, na kila mstari utakuwa na 4151 hiyohiyo. Saa nayo ni ya kuchota, si ya kusema. Tofauti huwa ndogo, lakini anayetafuta nyuzi mbili zinazogombana asitegemee safu hizo mbili. Aandike namba ya uzi ndani ya ujumbe, kwa `gettid()`, wakati wa `printf` yenyewe.

Kuna swali ambalo wengine wenu mmeshaliuliza pembeni: mbona matokeo na makosa yote yamepewa I? Kwa sababu bomba ni moja. Mkitaka makosa yaje na W au E, tengenezeni bomba la pili na msomaji wa pili. Mtapata rangi nzuri kwenye dirisha, na mtapoteza mpangilio: kosa lililotokea kabla ya mstari fulani linaweza kuonekana baada yake, kwa kuwa wasomaji wawili hawangojani. Sisi tunapendelea bomba moja wakati wa kutafuta hitilafu, mawili wakati programu imetulia.

Urefu nao una kikomo. Ujumbe mmoja wa `logd`, pamoja na lebo yake, hauzidi baiti 4,068 hivi; ziada inakatwa bila taarifa. Anayemwaga JSON ya soko zima kwenye mstari mmoja atapata nusu ya kwanza. Bafa yetu ya 1,024 inaugawa mstari mrefu vipande vipande, jambo ambalo ni bora kuliko kukatwa, ila mwenye kuandika kwa Kiarabu au kuweka vikaragosi ajue kipande kinaweza kuangukia katikati ya herufi na kuonekana alama za ajabu.

Lililobaki kubwa ni kuanguka. Programu ikipigwa na SIGSEGV, ishara ya kugusa kumbukumbu isiyo yake, uzi wa msomaji unakufa nayo, maana wanakaa nyumba moja. Yaliyokuwa bafani na yaliyokuwa bombani bado hayajachotwa yanazama. Kwa hiyo mstari wa mwisho mnaouona kwenye logi si lazima uwe mstari wa mwisho uliosemwa, na aliyeanza kuchunguza kutoka hapo anachunguza mahali pasipo pake. Sehemu mnayoishuku, wekeni `__android_log_print` ya moja kwa moja, hiyo haipiti bombani. Kisha someni `adb logcat -b crash`, ambako mfumo wenyewe unaandika ishara gani iliua na mlolongo wa kazi zilizokuwa zinaitwa.

Wa Python tusiwasahau. Aplikesheni za Kivy, maktaba ya Python ya kutengeneza aplikesheni, zinaelekeza matokeo zenyewe: `adb logcat -s python`. Python 3.13 kwenye Android nayo inafanya hivyo, kwa lebo `python.stdout` na `python.stderr`. Msiwawekee bomba la juu ya bomba.

Na kama mmefanya yote haya na logi bado kimya, rudini mwanzo. `adb devices` inaonyesha nini? Ikiandika `unauthorized`, kuna dirisha kwenye skrini ya simu linangoja kukubaliwa. Ikiwa tupu, washeni USB debugging: bonyezeni namba ya toleo (build number) mara saba, chaguo za msanidi zitokee. Humohumo kuna ukubwa wa hifadhi ya logi, na moja ya chaguo zake ni kuizima kabisa. Tazameni isiwe hapo.

Kabla hamjawapa wauza samaki aplikesheni, `elekeza_logi` iwe ndani ya `#ifndef NDEBUG`, ili isiingie kwenye toleo la watumiaji. Tangu Android 4.1 aplikesheni nyingine haziruhusiwi kusoma logi yako, lakini yeyote mwenye kebo na ruhusa ya adb anaisoma, na ripoti ya hitilafu ya simu inaibeba nzima. Kama programu inachapisha namba ya simu ya mteja pamoja na kilo zake, hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haibagui kati ya rejesta na logi.

Simu za kujaribia ziko kwenye meza ya nyuma. Kebo tatu nyeusi ni za data. Ile nyeupe inachaji tu, msiihangaikie.